Nilivyokaa Katikati ya Dinah na Mkwewe

Rafiki yangu Dinah alizaliwa Matulo, kwa Wabukusu, akaolewa huku kwetu Trans-Nzoia, na tangu mumewe alale katika Bwana amekuwa akitembeza wageni mlimani. Si wale wa kufuata nyati. Hao huingia mbugani na askari wao. Wa Dinah ni wale wanaosema, "Wanyama tumeshaona, tuonyeshe kitu kingine." Basi huwapeleka kwenye maporomoko, huwaonjesha kahawa aliyoikaanga mwenyewe, kisha huwapandisha hadi pango ambalo ndovu wamekwangua kuta kwa pembe wakitafuta chumvi.

Aprili iliyopita akina mama wa kanisa letu walitaka kwenda. Dinah akaniomba tutangulie siku moja tufyeke njia. Tukiwa ndani ya pango, mvua ya mawe ikaanguka. Maji yalishuka juu ya mwamba yakafunika mlango wote, na kijito cha chini kikafura kikanguruma.

Mtu akapenya maji yale mbio, ameloa chapachapa. Alikuwa Wekoye, mume wa Roselyne binti ya Dinah, mwenye bodaboda Kitale.

"Papa wangu!" Dinah alilia, akimwita baba yake kwa mshtuko, akakimbilia gizani kwenye popo, akajifunika leso, akageukia ukuta. Wekoye naye akanipa mgongo, akatazama maji. Sisi watu wa asili ya Nyeri hatuna desturi hiyo, lakini kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawagusani. Na pango lina mlango mmoja tu.

"Mama Wahome," Wekoye akaniambia, "mwambie yule mama aliye huko nyuma, Roselyne yuko hospitali. Mtoto amekaa vibaya tumboni, daktari anataka kumpasua. Yeye anakataa, ati mpaka amwone mama yake."

Pango lilirudisha kila neno. Hata hivyo nilimwendea Dinah nikamwambia upya.

"Muulize mbona hakupiga simu."

"Mwambie huku hakuna netiwaki! Nimepiga mpaka simu ikazima."

Mvua haikupungua. Niliomba, nikarudia Zaburi ninazozijua, na bado maji yalikuwa yale yale. Dinah alikuwa akikwaruza ukuta kwa kucha pale pale ndovu walipokwaruza.

"Mtoto wangu anakufa, na mimi nimefungiwa na mkwe," akaninong'oneza.

"Si umpite tu, Dinah? Mungu atakusamehe."

"Mungu najua atanisamehe. Watu wa Matulo je?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu kucheka mahali pale.

Maji yalipolegea hatukungoja yaishe. Kwenye kijito Wekoye alishika ncha moja ya fimbo, Dinah ncha ya pili, nami katikati nikiita jina la Yesu. Tukavuka. Lakini barabarani kulikuwa na pikipiki moja, na Dinah akasimama kama mti.

"Nimshike kiuno mume wa mtoto wangu? Heri nitembee."

"Utafika kesho," nikamwambia. "Nitakaa katikati."

"Mama Wahome, na huo mwili wako?"

"Leo ndio utajua kwa nini Mungu alinipa."

Tulishuka hivyo kwenye matope, mimi nikimshika Wekoye, Dinah akinishika mimi, akilia mgongoni mwangu mpaka gauni likapata joto.

Roselyne alipomwona mama yake alisema tu, "Sasa wanipeleke." Tukakaa kwenye benchi, na kukaa kule kulikuwa kubaya kuliko pangoni. Mwishowe nesi akamleta mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Mungu asifiwe.

Wekoye alikuwa nje, chini ya dirisha la wodi. Akaniita.

"Mama Wahome, mwambie yule mama atoke kidogo, na mimi niingie nimwone mtoto wangu."

Nikaupeleka ujumbe. Dinah alikuwa amempakata mjukuu, hata macho hakuinua.

"Mwambie angoje," akasema. "Hata mimi nilingoja pangoni."