Costancia na Taa za Chumba cha Dripu

Habari hii hamtaiamini, na simlaumu mtu. Hata kule Masanze, ambako waliniamini nilipowaeleza jinsi nilivyomfukuza simba wa Mikumi kwa kandambili, hii waliikataa. Lakini Costancia mwenyewe, mtoto wa dada yangu, yuko hapa ubavuni anakunja nyaya zake, na amekubali asimuliwe kwa sharti moja: chumvi isizidi. Haya.

Costancia ni fundi umeme wa Kilosa mjini. Mikono imemkauka kama gunzi, na ukimwita "fundi mwanamke" anakuuliza kama umeme wa kwako ni wa kiume. Ufundi alifundishwa na Mzee Cosmas, ambaye babu zake waliletwa kukata mkonge, yeye akaangukia kwenye nyaya. Mzee Cosmas alikuwa na kanuni yake: juu ya taa ya dari acha tundu la kiganja, taa ipumue. Chini ya bati la Kilosa, mwezi wa kumi na moja, taa iliyobanwa huungua. Kila fundi wa huku huacha tundu hilo, wala hakuna aliyewahi kulaumiwa.

Miaka mitatu iliyopita hospitali moja ndogo, njia ya kwenda Mikumi, jina lake naliacha, ilimwita afunge taa kwenye chumba cha kuchanganyia dripu za watoto njiti. Chumba hicho hakitakiwi kuwa na chembe ya vumbi. Anayeingia huvalishwa kitambaa mpaka juu ya viatu. Costancia akafunga taa sita, chumba kikang'aa kama wali wa harusi. Na juu ya kila taa, kwa heshima ya mwalimu wake, akaacha tundu la kiganja.

Mvua za kwanza zilipoanza, njiti wanne walifariki ndani ya siku tisa. Wa nne alikuwa wa Yared, kaka yake Costancia. Hospitali wakapima maji, wakapima chupa, wakawasuta wauguzi kwamba hawanawi mikono. Costancia alitoka makaburini bila kupita nyumbani, akachukua ngazi, akapanda darini mwa ile hospitali. Huko juu kulijaa mabawa ya kumbikumbi, na kinyesi cha popo kilichokauka kikawa unga. Popo wenyewe walikuwa kama elfu kumi.

(Costancia amekohoa. Basi, popo walikuwepo.)

Aliingiza kiganja kwenye tundu alilolikata mwenyewe. Kiliingia chote. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Sista Teresia, msimamizi wa hospitali, akamwambia, "Sista, waache wauguzi. Ni mimi."

Wapimaji wakathibitisha: ukungu wa kwenye chupa ulikuwa uleule wa kwenye vumbi la dari. Chumba kikafungwa. Yared hakumtukana dada yake. Aliacha tu kwenda kula kwake.

Mwaka jana hospitali ikajenga chumba kipya, na Sista Teresia akampigia Costancia simu.

"Sista, mafundi wapo wengi."

"Wapo. Aliyekuja kujisema ni mmoja. Njoo uniangalizie taa."

Taa za msaada zilikwishafika, nyembamba, nzuri, boksi limeandikwa kwamba hazipitishi vumbi. Costancia hakulisoma boksi. Aliifunga taa moja kwenye kipande cha dari, akakiegesha juu ya meza mbili, juu yake akamwaga majivu ya kuni na chini akatandaza kitambaa cheusi. Akagonga kwa ngumi. Kitambaa kikabaki cheusi.

"Umeona?" Sista akasema. "Funga basi."

"Bado haijapumua."

Akaiwasha mpaka ikapata moto, akaizima mpaka ikapoa, mara tano. Taa ikipoa huvuta hewa. Hapo Mzee Cosmas hakukosea. Kesho yake pembe moja ya kitambaa ilikuwa na utando wa kijivu. Mpira wa kuzibia ulikuwa wa vipande vinne vilivyoungwa pembeni, na majivu yalipita kwenye maungio.

"Hizi hapana, Sista. Tunataka zenye mpira mzima, zisizo na kingo za kukamata uchafu, na za kutengenezwa kutokea juu, chumba kisifunguliwe."

"Zitafika lini?"

"Wiki sita."

"Wiki sita! Mwanangu, njiti hawasubiri. Nawapeleka Morogoro kwa gari, na wengine hawafiki. Mwingine akifia njiani nimwambie nini mama yake?"

"Mwambie ni Costancia aliyekataa taa."

Hakuwa anatania. Wiki ya nne, mtoto wa Filomena wa Munisagara alifia garini kabla ya kufika Doma, njia ya Morogoro, na Filomena akaambiwa hivyo hivyo. Costancia alikwenda msibani. Alisalimia, hakuna aliyemwitikia. Akakaa kwenye masufuria, akaosha vyombo siku zote tatu, kisha akaondoka.

Taa zikaja, nene, mbaya kama sufuria lililopinduliwa. Majivu, moto, baridi, mara tano, halafu mara tano nyingine. Kitambaa cheusi tii. Akazifunga mwenyewe, kila ukingo akauziba kwa silikoni na kuupitishia kidole kama mama anayetafuta jino jipya kinywani mwa mtoto.

Na msidhani ni kazi ndogo! Wakubwa wametoka Dodoma kuja kuinua shingo chini ya taa za mpwa wangu. Tangu chumba kifunguliwe hakuna njiti hata mmoja aliyefariki pale, nasema hata mmoja, na Yared naye juzi alikuja kwa dada yake, akala ugali sahani tatu, akalia, akam—

"Mjomba! Wamefariki wawili mwezi wa tatu. Si kwa taa, lakini wamefariki. Na Yared hajaja. Futa."