Neno la Mlangoni

Futa hicho kicheko, Lusajo, nimekuona. Umesoma mpaka chuo kikuu, unapima udongo wa mashamba ya watu, basi ukisikia kizee cha darasa la saba kinasema damu ya ukoo wetu ina mwiko, unamkonyeza Grace. Mkonyeze, ni mchumba wako. Lakini chai yangu umekunywa na mjukuu wangu unataka kumwoa, kwa hiyo utanisikiliza. Ukitaka kubisha, subiri nimalize.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Idodi, msichana wa nyumba yetu hakuondoka kwenda kuolewa mpaka mama yake au bibi mzaa mama amemsimamisha mlangoni. Sanduku lake liko nje, waimbaji wako nje, yeye mguu mmoja ndani mmoja nje. Mkubwa huyo anamwinamia sikioni, anamwambia neno. Mwanaume hakuruhusiwa kulisikia, wala mtoto.

Mimi nililisikia nina miaka tisa. Siku anaolewa mama mdogo nilikuwa nyuma ya kihenge naiba karanga. Bibi alinong'ona, lakini bibi yangu alikuwa nusu kiziwi, na kiziwi hajui kunong'ona. Alisema, "Damu ya nyumba yetu haijui kusimama. Wanao wa kiume wasiguswe na chuma." Basi, ni hilo tu. Nikatafuna karanga zangu nikidhani ni habari za vita vya zamani.

Nilikuwa na ndugu wawili wa kiume. Augustino alikuwa mkubwa wangu na Benito mdogo wangu. Augustino magoti yalimvimba kama maboga bila kuanguka popote. Watu wakasema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Benito ukimshika mkono kwa nguvu leo, kesho vidole vyako unavikuta pale pale, vyeusi. Majirani wakasema mama anampiga. Mama hakujitetea. Angejiteteaje, na neno lenyewe ni la siri?

Kisha Benito akakohoa wiki mbili. Kwetu kikohozi cha mtoto kilikuwa na mshitakiwa mmoja tu, kimeo, kale kanyama kanakoning'inia kooni. Fundi wa vimeo alipita kijijini kila baada ya mavuno, na kisu chake kilichopinda kama mundu mdogo. Alikata watoto wa kijiji kizima, wakalia, wakapewa uji wa baridi, jioni wakawa wanacheza. Asubuhi moja akafika kwetu. Bibi akamwahi mlangoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Hapa hakuna kimeo."

"Mbona mtoto namsikia anakohoa?"

"Anakohoa kwa sababu ana kifua. Wewe huna kifua? Nenda."

Akamfungia mlango usoni.

Baba aliporudi na kusikia hayo aliona aibu. Alimwuliza mama sababu, mama akaendelea kuchambua mchele. Kwa bibi asingeweza kwenda kuuliza, ni mama mkwe wake, na hata angemwuliza asingejibiwa. Akabaki na mtoto anayekohoa na wanawake wawili mabubu. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, Lusajo, uelewe hilo. Alimbeba Benito mabegani mpaka kanisani kila Jumapili, kwenda na kurudi. Alifanya kile ambacho baba mwenye akili angefanya. Siku ya tatu, mama na bibi wakiwa bondeni kwenye mpunga, akamwita fundi.

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika bakuli.

Na neno nililijua. Fundi alipotoa kile kisu nililikumbuka lote, kama somo la katekisimu. Lakini ningesema, ningeulizwa nimelisikia wapi, na karanga za mbegu zilikuwa zimepungua sana kwenye kihenge.  Nikashika bakuli vizuri, baba akanisifu kwamba sitetemeki.

Damu ya mtoto mwingine hukoma kabla hajamaliza kulia. Ya Benito haikuja kwa nguvu, ilitiririka tu, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Wakampaka majivu, wakampaka dawa ya fundi, wakamtoa kwa baiskeli kumpeleka kwenye zahanati ya mapadre, wakarudi naye. Alikufa siku ya tatu mchana, wanawake wa jirani wakitwanga.

Unajua watu walisema nini? Walisema bibi ndiye mchawi. Alikataza, mtoto akafa. Aliyejua ndiye aliyefanya. Baba naye aliamini hivyo. Hakumsalimia tena mpaka tulipomzika bibi. Na bibi hakufumbua mdomo hata siku moja kumwambia, "Mwanangu, kuna jambo hukuambiwa." Neno lilikuwa la wanawake. Akafa nalo, pamoja na jina la uchawi juu yake.

Nikaolewa, nikaambiwa lile neno mlangoni kama vile silijui. Nikamzaa Odilia, mama yake Grace. Alipoolewa huku Chimala nikamwambia na yeye, sikioni, kwa kunong'ona vile vile. Mpumbavu mimi. Odilia akasema, "Ndiyo mama," kama mtu anayeambiwa asisahau mwavuli.

Halafu wakaja wajukuu zangu, Kelvin na Baraka. Kelvin aling'oka jino la utoto, damu siku nne. Zahanati ya kwanza walisema ni upungufu wa vitamini. Ya pili wakamshona fizi, na kila tundu la sindano likaanza kuvuja peke yake. Ya tatu nesi akamwita Odilia pembeni akamwuliza kama baba mtu ni mkali. Tukapanda basi kwenda Mbeya mtoto akiwa mweupe kama unga. Walimwongezea damu akapona, tukarudi bila kuambiwa ni nini. Ilikuwa hivyo mwaka hata mwaka. Goti la Kelvin lilikunjika likagoma kunyooka kabla hatujafika kwa mtu aliyejua.

Alikuwa binti tu, daktari mdogo kuliko Grace kwa sura. Hakuuliza kuhusu vitamini. Aliuliza, "Bibi, kaka zako walikuwaje?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamwambia habari za Augustino na Benito. Nikamwambia na neno lenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, nikangoja acheke kama ulivyocheka wewe. Hakucheka. Akachukua karatasi akachora. Wanaume aliwaweka ndani ya miraba, wanawake ndani ya maduara, akavuta mistari toka kwa bibi mpaka kwa Baraka. Akasema, "Bibi yako alijua. Ugonjwa huu wa damu kutoganda wanawake wanaubeba, wanaume wanaugua." Lilikuwa neno lile lile la mlangoni, ila yeye hakutaja chuma.

Dawa ipo, ya kuchoma mshipani. Inatoka mbali, na inataka ubaridi. Tunaiweka kwenye friji ya dukani kwa Mama Zulekha, kati ya soda, na ameapa mbele yangu kwamba atakayeigusa atamkata mkono. Nesi wa hapa amefundishwa kuichoma. Hiyo ni ikiwepo. Isipokuwepo, tunabaki na barafu na kuomba Mungu basi lisichelewe.

Nimewaza miaka mingi ni kitu gani kilimuua Benito. Zamani nilisema ni chuma. Kisha nikasema ni mimi na karanga zangu. Sasa ni mzee, sina haja ya kujipendelea wala kujipiga. Kilichomuua ni kunong'ona. Tuliambiana wanawake tu, asiambiwe yule aliyekuwa na uwezo wa kumfungulia fundi mlango.

Ndiyo maana leo nimevunja mwiko nikakuambia wewe, mwanaume, tena mkwe, mchana kweupe.

Hii hapa karatasi ya daktari, huwa naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Duara hili la mwisho lenye alama ya kuuliza ni Grace. Jumatatu anakwenda Mbeya kupimwa. Hajui kama amebeba, na analia chooni akidhani sisikii. Mimi sikurithi uziwi wa bibi.

Usinijibu mimi, si mimi unayenioa. Goti la Baraka limevimba tangu asubuhi, nakwenda kwa Mama Zulekha kuchukua barafu na chupa ya dawa. Mwangalie Grace, umjibu yeye, na mseme kwa sauti.

Mlango naufunga mwenyewe.