Kichwa cha Mzee Mfaume

Siku zile, pale Gongoni mjini Tabora, Ijumaa asubuhi hukuwa na haja ya kuuliza leo ni siku gani. Ulisikia mkasi. Ulilia taratibu uani kwa Mzee Mfaume, ukanyamaza, ukalia tena, na katikati yake ukasikia sauti ya mzee mwenyewe ikizungumza na mtoto kama anayezungumza na mtu mzima mwenzake. Mwanahawa, binti yake, alikua na sauti hiyo masikioni. Hata alipokuwa mama wa watoto watatu, akipita mahali akasikia mkasi ukikatakata nywele, miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe.

Mzee Mfaume alikuwa kinyozi. Alikuwa na chumba chake cha kazi karibu na soko, na kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi alinyoa watu wazima humo: wauza nguo, mafundi seremala, makarani wa reli, wakulima wa Urambo waliokuja mjini na fedha za tumbaku wakitaka kurudi kwao wakiwa nadhifu. Lakini Ijumaa asubuhi hakufungua. Alitandika mkeka uani, akaweka beseni la maji, mkasi, kitana na mashine ya mkono, akawanyoa watoto wadogo bila malipo. Watoto wake, wa ndugu zake, na wa yeyote aliyeingia na mtoto mgongoni.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Mtoto ambaye hajaanza shule hakumnyoa dukani, hata kama baba yake ni tajiri wa namna gani.

"Dukani mtoto ni mgeni," aliwaambia wazazi. "Anashikwa kichwa na mtu asiyemjua, mbele ya watu asiowajua. Mlete uani. Huku yuko kwao."

Uani, mama alikaa mkekani akampakata mtoto, na Mzee Mfaume akapiga magoti. Watu wazima waliinamisha vichwa mbele yake. Mbele ya watoto, aliyejishusha alikuwa yeye. Kisha alianza safari. Babu yake alikuwa mpagazi enzi za misafara, aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji mpaka pwani, na mzee aliigeuza njia ile kuwa kichwa cha mtoto. Alianzia kisogoni. "Tumetoka Ujiji, mzigo mzito, twende polepole." Alipofika nyuma ya sikio alisema, "Hapa ni mtoni Malagarasi, usitikisike, tutalowa." Utosini ilikuwa Tabora. Hapo aliweka mkasi chini, akasema wapagazi wamechoka, akampa mtoto kipande cha muhogo wa kuchemsha, na wote wakapumzika. Baadaye walishuka mdogomdogo mpaka kwenye paji la uso, Bagamoyo, ambako mtoto alipanguswa shingo kwa kitambaa na kuambiwa ameiona bahari. Mwanahawa alifika Bagamoyo mara nyingi kwa njia hiyo, na hajawahi kuiona bahari mpaka leo.

Aliolewa na Lukumani, karani wa stesheni, kijana wa Kinyamwezi mwenye mwandiko mzuri na suruali isiyokosa mkunjo. Miezi minne baada ya Uhuru wakapata mtoto wao wa kwanza, Abasi. Siku ya saba Mzee Mfaume ndiye aliyemnyoa nywele za tumboni, na tangu hapo kichwa cha Abasi kikawa chake kila baada ya wiki tatu.

Lukumani hakuwa mtu mbaya. Ila Uhuru ulikuwa umemwingia kichwani kwa namna yake. Alitaka kila kitu cha nyumbani kwake kionekane kipya. Alinunua meza ya kulia chakula wakati mkeka ulikuwepo, na alimkataza Mwanahawa kumfunga mtoto hirizi. Mwaka sitini na tano, siku chache kabla ya Saba Saba, alirudi kutoka kazini akasema, "Mama Abasi, kesho nampeleka mtoto kwa Mahona, kisha tunapita kwa mpiga picha. Nataka picha ya kumpelekea kaka kule Usinge."

Mahona alikuwa kinyozi mpya karibu na stesheni. Alikuja kutoka Nzega na mashine ya umeme, vioo viwili vinavyotazamana, na ubao aliouweka juu ya mikono ya kiti ili hata mtoto aonekane kiooni. Mlangoni aliandika SALUNI kwa rangi nyekundu.

"Baba yangu ni kinyozi," Mwanahawa alisema.

"Najua."

"Sasa unampeleka mwanangu kwa kinyozi mwingine mji ule ule?"

"Baba hanyoi watoto dukani, na mimi sitaki mwanangu anyolewe chini kwenye mkeka kama bado tunaishi porini. Zama hizo zimepita."

Mwanahawa angeweza kumjibu, lakini aliona jibu lolote lingekuwa kubwa kuliko nyumba yao. Asubuhi alimvalisha Abasi shati jeupe, akawafuata nyuma.

Kwa Mahona kulikuwa na wateja wanne wanasubiri, na redio inapiga. Abasi alipandishwa kwenye ubao akajiona kiooni, na nyuma yake akajiona tena, na nyuma tena, watoto wengi wasio na mwisho, wote wakimkodolea macho. Mahona alipowasha mashine, ikaunguruma karibu na sikio lake, mtoto akapiga kelele ambayo iliwatoa wauza ndizi nje wakaja kuchungulia.

"Mshike, bwana Lukumani," alisema Mahona. "Wote hulia mwanzo."

Lukumani alimshika. Alimshika mabega, kisha kichwa, na kadiri mtoto alivyojipinda ndivyo baba alivyokaza, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Mahona akaacha mashine akachukua mkasi ili amalize haraka. Abasi akageuka ghafla. Ncha ya mkasi ikampata juu ya sikio.

Haikuwa jeraha kubwa. Lakini damu ya sikio haina staha, na shati jeupe likawa halifai tena. Mwanahawa alimnyanyua mtoto kutoka kwenye ubao, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine una nywele, akatoka naye bila kuaga. Picha haikupigwa.

Tangu siku ile Abasi hakukubali kuguswa kichwa. Akisikia mkasi wa kukatia kitambaa, anaingia uvunguni. Akiona kitana, analia. Hata kumwosha ikawa vita. Nywele ziliota, za upande mmoja ndefu na za upande mwingine fupi, zikashikana. Agosti ikapita. Septemba mapunye yakaanza kuonekana utosini, mabaka meupe kama sarafu, na mtoto akawa anajikuna mpaka usingizini. Lukumani alimpita mwanawe asubuhi bila kumtazama juu ya macho.

Alichofanya Mwanahawa ni kwenda kwa baba yake, akamweleza yote, hata lile neno la porini. Mzee Mfaume alisikiliza huku akipaka mashine yake mafuta.

"Mkeo, yaani mumeo," alisema, akajisahihisha, maana uzee ulikuwa umeanza kumchezea maneno, "ni kijana. Ataacha. Mtoto ndiye wa kushughulikia. Nitakuja Ijumaa, nikimaliza wale wa uani."

Alikuja Ijumaa, akanywa chai, akaondoka. Ijumaa ya pili alikuja na mfuko wake wa kazi, akauweka mkekani umefungwa, akacheza na Abasi kete za mbegu, akaondoka nao bila kuufungua. Mwanahawa akaanza kukata tamaa. Ijumaa ya tatu mzee alifungua mfuko, akatoa mkasi mdogo butu wa kukatia ndevu, akavua kofia yake, akakaa mkekani na kunyoosha miguu kama mtoto.

"Abasi," alisema, "nywele zangu zimekuwa ndefu. Ninyoe."

Abasi alitazama kutoka mlangoni. "Utalia?"

"Nikilia utaacha. Tukubaliane hivyo. Nikisema basi, ni basi."

Mtoto alichukua muda mrefu kuvuka ua. Alishika mkasi kwa mikono miwili. Alikata kishungi kimoja cha mvi, akarudi nyuma kutazama uso wa babu yake. Mzee akasema, "Endelea, fundi." Akakata kingine. Baada ya hapo hakusimama. Alimzunguka babu yake kama mwenye nyumba anayepunguza ua wa michongoma, akachimba hapa, akaruka pale, akaacha kishungi kizima juu ya kisogo. Mara moja mzee alisema, "Basi," ingawa hakuumia. Mkasi ukasimama hewani papo hapo. Mzee akapumua mara tatu, akasema, "Sasa endelea."

Mwanahawa alisimama jikoni na mwiko mkononi, machozi yanamtoka na kicheko kimemkaba.

Alipomaliza, Abasi alisema, "Babu, mtu mwingine asikunyoe. Ni mimi tu."

"Nimekubali," alisema mzee.

Na akatimiza. Alikwenda msikitini siku ile amevaa kofia, lakini Jumamosi alifungua chumba chake kichwa wazi, mabonde na vilima, na kishungi kisogoni. Kinyozi aliyesifiwa Tabora nzima. Wateja waliingia wakasahau salamu. Waliouliza aliwajibu, "Nina kinyozi wangu, bado anajifunza." Fundi mwenzake aliyekaa naye chumbani, Mabruki, alimwomba amrekebishe dakika tano tu, kwa heshima ya duka. Mzee akakataa. Mahona naye alisikia, akaja mwenyewe kutoka stesheni, amevua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea kwa yule mtoto. Kaa nikunyoe vizuri, ndiyo samahani yangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe, ila kunyolewa siwezi. Nimeahidi."

Habari zikafika stesheni. Makarani walimcheka Lukumani kwamba mkwewe ameingiwa na wazimu. Lukumani aliposikia sababu, aliacha kalamu mezani mchana ule akaenda sokoni. Alimkuta mzee peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

Lukumani alikaa kwenye kiti cha wateja, akakitazama kile kichwa. Kisha akasema, "Baba, mimi nilimshika. Alipokuwa analia, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kichwa."

"Najua."

"Yule kinyozi hana kosa sana."

"Ijumaa uje uani kwangu," alisema mzee. "Usimshike. Keti tu, akuone."

Ijumaa ile Lukumani aliomba ruhusa kazini. Alikaa chini mkekani na suruali yake yenye mkunjo. Mwanahawa alimpakata Abasi, na mzee akapiga magoti. "Ukisema basi, ni basi," alimwambia mtoto. Wakatoka Ujiji. Abasi alisema basi mara kumi na moja kabla ya kufika Malagarasi, na mara zote mkasi ulisimama. Adhuhuri ilipokaribia walikuwa wamefika Tabora tu. Walimaliza siku iliyofuata. Mapunye yakapakwa dawa, na kabla mwezi haujaisha yakapona.

Miaka ilikwenda. Azimio la Arusha likaja, Abasi akaanza shule, akaanza kunyolewa dukani kwa babu yake kama mtu mzima, akikaa wima kwa majivuno. Mikono ya mzee ilianza kutetemeka, akamwachia Mwanahawa mkasi wa Ijumaa. Macho nayo yalipopungua alikaa pembeni ukutani akisikiliza. "Unaharakisha," alikuwa akisema. "Nasikia. Mtoto naye anasikia." Wanawake wa mtaa waliendelea kuja na watoto wao, na Mwanahawa aliwanyoa, ingawa safari ya Ujiji hakuisimulia vizuri kama baba yake, alisahau vituo.

Mzee Mfaume alifariki masika ya mwaka sabini na mbili, usingizini, bila kuugua. Mahona alikuwa miongoni mwa walioteremka kaburini kumpokea.

Baada ya hapo Ijumaa zilianza kupungua watoto. Familia nyingine zilihamia vijiji vipya vya ujamaa. Zilizobaki ziliona saluni si kitu cha kuogopa tena. Watoto walikwenda wakiimba, wakapewa pipi, wakarudi. Mwanahawa alimnyoa nyumbani mtoto wake wa mwisho, Nassibu, mpaka alipofika miaka mitatu na nusu. Siku moja mtoto akasema anataka kwa Mahona, kwenye ubao, kama mwana wa jirani.

Alimpeleka. Mahona alikuwa ameota mvi. Nassibu alipanda juu ya ubao mwenyewe, akawapungia mkono wale watoto wengi kiooni, na mashine ilipounguruma alicheka kwa sababu ilimtekenya. Mwanahawa alikaa kwenye benchi la wateja, mikono imelala mapajani, haina cha kushika.

"Nipunguze zaidi, dada?" Mahona aliuliza.

"Inatosha, kaka. Umemnyoa vizuri."

Na kweli alikuwa amemnyoa vizuri. Hapakuwa na alama hata moja. Njia nzima ya kurudi Nassibu alikuwa akijipapasa kichwa na kuwaonyesha watu.

Jioni Lukumani alirudi kutoka kazini, akamwona mwanawe anacheza barazani, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Kisha akaingia ndani alikokuwa mkewe.

"Alilia?"

"Hakulia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Lukumani alivua viatu, akakaa, akatazama uani. "Basi vizuri," alisema. Mwanahawa akampa maji ya kunywa, akakaa karibu naye, na wote wawili wakamsikiliza mtoto akicheza nje.