Moshi wa Pilipili Kisaki

Mwaka jana nilikwenda Kisaki nikiwa na kisasi moyoni, ingawa majirani zangu wa Mwembesongo niliwaambia nakwenda kutazama wanyama. Na kutazama nilitazama. Asubuhi ya kwanza nilizungushwa hifadhini, kwenye vilima vya miti mikavu, nikaonyeshwa swala na twiga, nikaitikia kama mgeni mwema. Sikuwa na haja na twiga. Haja yangu ilikuwa kwa mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, mzee mmoja wa tabasamu zisizokwisha.

Shamba lake linapakana na la mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Huko tembo huzuiwa kwa kamba yenye matambara yaliyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili, na kila mkulima hutunza upande wake. Mzee yule aliufungua wa kwake makusudi, ili wageni wake wanywe chai barazani huku wakiwaangalia tembo. Tembo wakitoka hapo huteremka kwa mama mdogo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama, kwa hiyo mahindi yaliyokanyagwa pale yalikuwa yangu pia. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu kando ya korongo, mahindi ya mbegu, na mama mdogo alikilinda kutwa kucha kwa kugonga debe.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu nilipofika. Hakujua mimi ni mtoto wa nani.

"Marahaba, mama. Saa kumi kaa hapa barazani, utawaona mpaka uchoke."

Mkobani nilikuwa na matofali manne ya mavi ya tembo yaliyokandwa na pilipili kichaa, ambayo wakulima huyawasha pembeni mwa shamba ili moshi uwafukuze wanyama. Saa kumi wageni walipanga viti na kamera zao. Tembo watano wakajitokeza mitini, taratibu, kama wenye mwaliko. Nikazunguka nyuma ya choo, upande unakotokea upepo. Mkulima huwasha tofali moja. Mimi niliwasha yote manne.

Wageni walikohoa, tena walikohoa haswa. Mgeni mmoja alitapika uani, na mwenye nyumba alikimbia huku na huku na ndoo ya maji, machozi yakimchuruzika. Nilicheka peke yangu kule nyuma, kwa raha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuipata. Nilitamani kila mgeni aondoke jioni ile na asirudi tena. Kisha nikasikia debe linagongwa kwa fujo, halafu likanyamaza.

Tembo walikuwa wameukimbia moshi. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa ile ya kuteremka korongoni, na safari hii walipita mbio. Nilipofika nilimkuta mama mdogo amesimama juu ya kichuguu, mzima, anayatazama mabua yaliyolala. Hata hindi moja la mbegu halikusalia.

"Nani kawasha pilipili kule juu?" aliniuliza.

Mikono yangu ilikuwa bado inawasha.

"Yule jirani yako," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Alinishika mkono. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mwingine angenificha."