Maziwa ya Kijiji cha Pili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnapewa chakula shuleni na bado mnanung'unika. Hebu niambieni, nani aliwahakikishia wakubwa kwamba mtoto aliyeshiba husoma vizuri? Mimi nilimwona mmoja aliyelitafuta jambo hilo kwa haki.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, waasi waliopigana na serikali. Serikali ilitukusanya nje ya Garissa katika vijiji viwili vya uzio wa miiba, askari langoni, ngamia wetu wamekwisha. Mwalimu alikuwa mmoja tu, mtu wa bara, akikaa kwetu na familia yake. Asubuhi alifundisha kwetu, alasiri kijiji cha pili. Akaletewa magunia ya maziwa ya unga, hayakutosha watoto wote. Wakubwa wake walitaka kujua kama maziwa yanamsaidia mtoto kusoma. Yakisaidia, yataletwa ya wote. Yasiposaidia, basi, hakuna tena.

Wazee wakamvamia. "Mpe mtoto wa chifu kwanza!" "Hapana, mpe wangu, ana akili!"

Mwalimu akasema, "Nikiwapa wenye akili, wakisoma vizuri nitajuaje kama ni maziwa? Nyinyi kitu kisichotosha mnakigawaje?"

Tukamwonyesha. Kila mzazi anatia alama yake kwenye kijiti, vijiti vinafungwa ndani ya nguo, asiyejua alama ya mtu anavitoa. Akakubali palepale. Mtoto wake mwenyewe akakosa, naye akaandika jina la aliyefuata. Wallahi, wanaume wa namna hiyo si wengi. Binti yangu akakosa pia.

Muhula ulipokwisha akawapima wote kusoma ubaoni. Waliopata na waliokosa walikuwa sawasawa. Akanijia.

"Mama, binti yako hakupewa maziwa. Mbona amenawiri?"

"Mwalimu, binamu yake anywe, wangu atazame tu? Sisi ni fisi?"

Kumbe kila nyumba ilifanya hivyo. Mtoto alikunywa nusu, nusu akaileta nyumbani. Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema hawezi kupeleka habari ile, ni uongo, maana wote wamekunywa. Kazi ya muhula mzima akaitupa. Hapo nikamheshimu kabisa.

Tukatoa vijiti upya, mara hii kijiti kimoja kwa kila kijiji, maana majirani hawaachi kugawana. Kitakachopata, watoto wote wanywe. Kitakachokosa kitangoja muhula mmoja, kisha kipewe.

Tukakosa sisi.

Binti yangu akaanza kukonda. Dada yangu, aliyeolewa kijiji cha pili, akaningoja mtoni na kibuyu chini ya shuka.

"Abaayo, dada yangu, chukua. Mtoto ana shingo kama swala."

"Rudi nacho."

"Umekuwa mzungu siku hizi? Mtoto wako mwenyewe!"

"Wangu akinywa, na wa jirani atakunywa. Mwalimu ataona tena watoto wote sawa, na magunia yatarudi bara. Hapo wako atakunywa nini?"

"Una roho ya jiwe," akasema, akaondoka na kibuyu chake.

Nilifika nyumbani. Binti yangu aliniangalia mikono, akaona mitupu. Nikawaita wote, mume wangu pia, nikawaambia: "Maziwa ya kijiji cha pili yasivuke mlango huu mpaka zamu yetu ifike. Mwenye njaa aje kwangu, nitachemsha mahindi. Na sehemu yangu ya mahindi ale huyu msichana."