Fundi Cheche achagua spika zake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, na cherehani ya Mama Pazia iko katikati ya mshono mrefu. Mguu uko kwenye pedeli, mikono inasukuma kitambaa kizito cha kahawia, na macho yake, kila baada ya muda, yanaruka juu ya miwani kwenda kwenye televisheni iliyo upande wa pili wa sebule.

"Nani huyo ameingia?" anauliza mumewe kutoka kwenye kochi.

"Yule mpelelezi. Amevua kofia, anamtazama yule mama."

"Anamtazamaje?"

Cherehani inanyamaza. Mama Pazia anaangalia skrini sawasawa kabla ya kujibu. "Kama mtu anayejua jambo na hataki kulisema."

"Basi ndiye," anasema mume, akiegemea nyuma. "Nilimshuku toka alipokohoa."

Mama Pazia anacheka, mguu unarudi kwenye pedeli, na mshono unaendelea. Jina hilo alipewa na wateja, na yeye mwenyewe halimkeri. Anashona mapazia ya nyumba za watu, ofisi na nyumba za wageni. Mwezi mzuri hupata kazi za nyumba nne au tano. Mwezi mbaya hufupisha suruali na kubadilisha zipu, na familia hula kwa zipu hizo.

Zamani hakuwa peke yake katika kuitafuta riziki. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche. Mageti mengi ya mtaa huo ni kazi ya mikono yake. Kisha presha ya macho ikaanza kumnyang'anya uoni, polepole, kuanzia pembeni kuja katikati.

"Nilikuwa najigonga kwenye mageti niliyoyatengeneza mwenyewe," anasema. "Watu wakadhani nimeanza ulevi. Nikawaacha wadhani. Ulevi unaachika."

Alipofika hospitali, daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi. Baada ya miaka miwili hata kile kidogo kilichobaki kikazimika. Akauza mashine yake ya kuchomelea, akakaa ndani.

Mama Pazia anasema hapo ndipo alipoanza kuwa mke na yaya kwa wakati mmoja. Alimchagulia shati, akamkatia nyama, akamwekea kijiko mkononi. Mgeni akija na kumuuliza mumewe hali, yeye ndiye aliyejibu.

"Nilidhani huko ndiko kupenda," anasema. "Yeye hakulalamika. Na mimi kutolalamika kwake nikakuona ni shukrani."

Kitu kimoja ambacho Fundi Cheche alikuwa hakikosi enzi za macho yake ni filamu ya Jumapili mchana. Alijaribu kuendelea nayo kwa masikio tu, lakini ikamshinda. Spika za televisheni yao ni ndogo na zimetazama ukutani, kwa hiyo maneno yalimfikia kama ya mtu anayeongea akiwa ameinamia ndoo. Muziki ukipanda, mazungumzo yanazama. Wahusika watatu wakizungumza, hajui nani ni nani. Jumapili moja aliomba televisheni izimwe, akaenda kulala mchana kweupe. Zilizofuata hakutoka chumbani kabisa.

Mambo yalianza kugeuka kwa kinyozi.

Mama Pazia alikuwa amemwacha mumewe hapo akaenda kununua uzi. Aliporudi alikuta nywele zimekwisha kukatwa zamani, na mtu mwingine yuko kwenye kiti. Fundi Cheche alikuwa kwenye benchi, kainamisha kichwa, anafuata filamu. Kinyozi ana spika nzuri, moja kila upande wa televisheni na nyingine chini yake.

"Amepita kushoto huyo, anaelekea mlangoni," alikuwa akimwambia kinyozi. "Mwambie huyo binti asifungue!"

Binti wa kwenye filamu alifungua. Fundi Cheche akapiga paja lake na kupiga kelele pamoja na wateja wote.

"Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa uzi," anakumbuka Mama Pazia. "Sikuingia. Uso ule nilikuwa sijauona muda mrefu, nikaogopa nikiingia utaondoka."

Siku hiyo aliamua. Alikuwa amemaliza mapazia ya nyumba moja ya wageni, na malipo yake alikuwa ameyaweka pembeni bila kuyagusa. Hakumwambia mumewe, wala binti yao anayesoma sekondari. Alitaka kumshangaza.

Duka la kwanza aliloingia lilikuwa kubwa, lina viyoyozi, na muuzaji amevaa tai. Alionyeshwa boksi jeusi, kioo kitupu mbele, na sabufa kubwa, spika ya mdundo, inayowakawaka taa za buluu. Muuzaji alimwambia ina wati elfu moja. Akafungulia muziki, meza zikatetemeka.

"Sikujua wati ni nini, lakini elfu moja nilijua ni nyingi," anasema. Bei yake ilikuwa inameza akiba yote. Akaomba awekewe hadi kesho yake.

Njiani alipita kwa kinyozi kumuuliza kama anafanya jambo la maana. Kinyozi akamwelekeza kwa muuzaji aliyemuuzia za kwake, mtu mwenye kibanda cha vyombo vya sauti vilivyotumika. Huyo watu wanamwita Kimya. Ni utani, kwa sababu kibanda chake hakijawahi kunyamaza, na yeye mwenyewe ndiyo kabisa.

Kimya alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo majirani zake wanasema si la kila siku. Kisha akauliza, "Mama yangu, mnataka kucheza ngoma au kusikia watu wanasema nini?"

"Kusikia watu wanasema nini."

"Basi hilo lisabufa lenye taa achana nalo. Hizo wati zimeandikwa kwenye boksi tu, karatasi haitoi sauti. Nunua risiva ya kawaida, yaani kile chombo kinachopokea sauti ya televisheni, kikaikuza, kikaigawia kila spika fungu lake. Hela nyingi ipeleke kwenye spika. Weka mbili pembeni, na moja katikati chini ya televisheni. Ya katikati ndiyo inayobeba maneno. Za nyuma na sabufa zije baadaye, mkijaliwa." Halafu akaongeza, "Lakini sikuuzii leo. Mlete yeye asikilize."

"Nataka iwe ni kumshangaza."

"Kumshangaza mtu na kitu asichokitaka nako ni kumshangaza," alisema Kimya.

Mama Pazia alirudi nyumbani na kumweleza mumewe yote, akitegemea furaha. Fundi Cheche akauliza, "Hilo la kwanza ungelilipia bila kuniambia?"

"Kwa ajili yako."

"Shati unanichagulia. Wembe unanichagulia. Wageni unawajibu wewe. Sasa hata kusikia unisikilizie?"

Binti yao, aliyekuwa akifanya mazoezi ya shule, alikusanya madaftari yake akahamia uani.

"Iliniuma," anasema Mama Pazia, na sauti yake inashuka hata leo. "Nashona mpaka mgongo unakatika, halafu naambiwa hivyo. Niliingia jikoni nikalia. Nilipomaliza kulia nikaona kwamba hakuna hata neno moja alilosema la uongo. Nikatoka nikamwambia, vaa viatu twende."

"Viatu vipi?" aliuliza mumewe.

"Utakavyopenda."

Akatoka na kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Mama Pazia akafyata mdomo, wakaongozana hivyo hivyo mpaka kibandani kwa Kimya.

Fundi Cheche anaposikia sehemu hii anacheka hadi anashika mbavu. "Nilijua! Visigino vyake tofauti. Nilitaka nione kama atasema."

Kibandani, Kimya aliwasha risiva mbili, moja baada ya nyingine, kwa spika zilezile na kipande kilekile cha filamu, watu wawili wakigombana huku mvua inanyesha. Risiva ya kwanza ilikuwa mpya kidogo, laini, ya kugusa kioo. Mama Pazia aliipenda. Ya pili ilikuwa kuukuu, ina mkwaruzo juu kama iliyoburutwa barabarani.

Fundi Cheche aliomba kuzishika. Alipitisha vidole juu ya ile ya kwanza, mbele, pembeni, nyuma.

"Sauti napandishia wapi?"

"Unagusa tu hapa kwenye kioo, baba, namba zinatokea," alisema Kimya, kisha mwenyewe akasikia alichosema. "Aah. Samahani."

Fundi Cheche akahamia kwenye ile kuukuu. Vidole vyake vikakuta kitufe kikubwa cha kuzungusha, kizito, chenye alama ya kuchongwa. Akakizungusha kulia, mvua ikazidi. Akakirudisha kushoto, ikapungua. Alifanya hivyo mara kadhaa, bila haraka, kama mtu aliyeshika usukani.

"Hii," alisema.

"Imekwaruzika," alinong'ona mkewe.

"Mimi sijauona huo mkwaruzo."

Kilichofuata kilikuwa kusikiliza spika. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakataa jozi ya kwanza kwa sababu herufi "s" zilimchoma masikio, akakataa ya pili kwa sababu wanaume wote walisikika kama wana mafua. Ya tatu, ya mbao, akaiitikia kwa kichwa. Kimya akawatafutia ya katikati inayofanana nayo, akawapa siku saba za kuirudisha kama itagoma. Walilipa, na akiba ikabaki.

"Njiani hatukuongea sana," anasema Mama Pazia. "Lakini alikuwa anatembea mbele yangu kidogo. Mkono wangu ulikuwa unamfuata yeye."

Jumapili mchana wakafunga waya, binti akisoma rangi na baba akiingiza kwa vidole. Wakawasha. Ilikuwa balaa.

Kila neno liligonga ukuta, likarudi, likagongana na lililokuwa linakuja. Ni kama filamu imerekodiwa bafuni. Fundi Cheche alizungusha kitufe juu na chini, kisha akakizungusha mpaka mwisho wa kushoto. Nyumba ikawa kimya.

"Nimechagua vibaya," alisema. "Ungechagua wewe."

Mama Pazia anakiri kwamba maneno "si nilikwambia" yalifika mpaka kwenye meno. "Niliyameza. Nilijua nikiyatoa, huyu mtu hatachagua tena kitu maishani."

Badala yake alikaa chini, akamuuliza, "Kwa Kimya kulikuwa na nini ambacho hapa hakuna?"

Mumewe alifikiri. "Vitu. Kibanda kimejaa vitu mpaka juu. Hebu piga kofi."

Akapiga. Sebule yenye sakafu ya saruji, bati juu bila dari na dirisha pana ililia kama kopo.

"Sogea kwenye cherehani yako. Piga tena."

Pale kwenye marobota ya vitambaa, kofi lilikufa palepale. Wote wawili wakalisikia. Dirishani, mke anayevalisha madirisha ya watu alikuwa ametundika shuka moja chakavu.

"Fundi wa mapazia," alisema mumewe taratibu, "nyumba yako iko uchi."

Walicheka mpaka binti akaja kuchungulia. Jioni ileile Mama Pazia alikata kitambaa kizito kilichobaki kwenye kazi ya nyumba ya wageni, akakitia mikunjo mingi, akakitundika dirishani na kwenye ukuta unaotazamana na spika. Mkeka mpana ukatandikwa sakafuni. Spika ya katikati, ambayo walikuwa wameifukia ndani ya kabati la meza ya televisheni, ikatolewa hadi ukingoni mwa meza. Kila hatua mumewe alipiga kofi, akasema bado, au hapo hapo.

Walipowasha tena, mwanamke kwenye filamu alisema "ingia," na Fundi Cheche akageuza uso kuelekea alipo.

"Filamu ilipokwisha aliniuliza kama nimechoka," anasema Mama Pazia. "Kaniuliza mimi. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini."

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Zipo siku Fundi Cheche hataki kuamka, na risiva hiyo kuukuu hupata moto ikiwaka muda mrefu, mpaka izimwe ipumzike. Kimya amewaambia ana jozi ndogo ya spika za nyuma inayowafaa. Wenyewe wanasema isubiri. Kwa sasa Mama Pazia amegeuza cherehani yake ili aione televisheni, kwa ajili ya zile sehemu ambazo hakuna anayesema kitu. Hapo ndipo anaposimulia.

"Mwanzoni nilikuwa namwambia kila kitu, mpaka rangi ya kikombe," anasema. "Akaniomba ningoje mpaka aulize. Nangoja. Ni kazi ngumu kuliko kushona."

Kuna ununuzi mwingine unaokuja, na huu ndio unaomkosesha Mama Pazia utulivu. Daktari aliwahi kumshauri mumewe atumie fimbo nyeupe, akakataa kwa hasira na kusema hatatembea mjini akitangaza msiba wake. Wiki iliyopita, akiwa anakunywa chai, yeye mwenyewe aliuliza zinauzwa wapi. Anataka kwenda kwa kinyozi peke yake.

Wamepanga kwenda Jumamosi. Fundi Cheche anasema atazishika zote zilizoko dukani kabla ya kuamua, na muuzaji avumilie.

"Kwenda, tutashikana mkono," anasema. "Kurudi, yeye akae nyuma yangu."

Mama Pazia anakata uzi kwa meno, anakunjua pazia alilolimaliza na kulitazama kwenye mwanga.

"Nitakaa nyuma," anasema. Kisha, kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufika kwenye kochi, anaongeza, "Lakini si mbali."

"Nimesikia," anasema mumewe.