Nati Iliyolegea Chini ya Pikapu

Laiti ningemkatalia bibi. Ndivyo nilivyowaza juzi tukitoka Katoro kwenye pikapu ya mjukuu wangu, taa za dashibodi zilipoanza kuchezacheza, zikiwaka na kufifia. Mjukuu alizipiga kofi, akacheka. Mimi nilimwambia asimamishe gari pale pale. Bibi aliwahi kuniomba ninyamaze juu ya taa kama hizo, nami nikakubali kwa furaha.

Miaka ya thelathini, rafiki yangu, njia yetu ilikuwa na pikapu moja tu. Ilitoka Shinyanga na chumvi, sabuni na majembe, ikielekea machimbo ya dhahabu ya Geita, na kila safari ililala kijijini kwetu. Tuliisikia kabla hatujaiona. Wanawake waliacha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa, vikikauka juani, sisi watoto tukaacha ndama, wote mbio barabarani. Dereva alikuwa mtu wa pwani, mnene, mcheshi. Alijifunza neno moja la Kisukuma, "Wangaluka!", salamu ya asubuhi, akalitumia hata jua likizama, nasi tukamcheka mpaka machozi. Mimi aliniita fundi wake. Alinionyesha njia ya umeme: unatoka kwenye betri chini ya sakafu, unakwenda kwenye taa, kisha unarudi kupitia chuma cha gari lenyewe.

Kisha akamgonga ng'ombe wa bibi, yule pekee aliyekuwa na maziwa msimu ule, na mama alikuwa mjamzito. Hakusimama. Safari iliyofuata, bibi alipomuuliza, alijibu huku akitafuna karanga zetu, "Bi mkubwa, ng'ombe wako hakujua barabara."

Wazee walimtenga. Kwetu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto wala maji, mpaka aje uani kwa aliyemkosea aombe radhi mbele ya watu. Yeye hakuja. "Wangaluka" yake ikawa inaanguka vumbini. Alipoomba maji ya rejeta, jirani yetu aliyekuwa anatoka bwawani na mtungi kichwani alisema hewani, kama anayezungumza na ndege, "Gari linalojua kuua lijue na kuchota." Bibi alikaa mlangoni akitazama mtu mnene akipanda kutoka bwawani na debe, akitweta. Nami nilikaa kando yake. Sitadanganya: sijawahi kuonja utamu kama ule.

Jioni moja taa za dashibodi yake zilianza kucheza. Alibadilisha balbu, akazipuliza, akazitukana. Nikaingia kimyakimya uvunguni mwa gari kutazama. Siku ya ng'ombe, kisanduku cha betri kilitikisika, na nati inayobana waya wa betri kwenye chuma cha gari ilikuwa imelegea, imeshika kutu. Nikaibana kwa vidole.

"Enhe! Balbu hii imekubali!" akapiga kelele juu yangu.

Nikaachia. Taa zikafifia.

"Ah! Shetani gani huyu?"

Nikabana. Nikaachia. Alikuwa anapiga kelele na kulaani, nami nimelala chali vumbini, nimeziba mdomo kwa mkono ili kicheko kisitoke. Nilipomsimulia bibi, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha uso wake ukabadilika.

"Kuitengeneza ni kazi kubwa?"

"Kukwangua kutu na kukaza tu, bibi."

"Basi usimwambie. Aliua ng'ombe wangu akaondoka. Na yeye ahangaike."

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Safari mbili zilipita taa zikicheza. Kisha uchungu ulimshika mama kabla ya wakati wake, na baba alikuwa machimboni. Mkunga alitoka ndani akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya misheni. Jua lilikuwa linazama, na pikapu ilikuwa imeshafika kulala. Hakuna aliyemwita dereva, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusema naye. Alisikia kilio mwenyewe, akaja mbio, akashusha magunia ya chumvi peke yake, akatandika turubai. "Mleteni," alisema. Juu ya ng'ombe hakusema neno, wala bibi hakumsalimu. Bibi alipanda mbele, akatazama barabara.

Taa zilikuwa zinacheza. Nilifungua mdomo. Bibi alinitazama tu, nami nikaufunga. Nilijiambia ni taa ndogo za dashibodi, na gari limekwenda nazo wiki zote hizo. Likaondoka, nami niliyejua ilipo nati nikabaki nyumbani.

Hazikuwa taa za dashibodi tu. Katikati ya mbuga nati ile iliachia kabisa, taa zote zikazimika, injini nayo ikafa. Dereva alifungua dainamo gizani kwa kupapasa, akafungua kila alichokijua, mpaka mapambazuko yalipomwonyesha waya unaoning'inia chini. Aliukaza akafika hospitali jua limeshatoka.

Mama alirudi, mikono mitupu. Waganga wa misheni walimwambia hatazaa tena. Dereva alikuja uani akapiga magoti, akaomba radhi ya ng'ombe na ya giza la njiani, na watu wakamjibu salamu yake. Mimi nilisimama nyuma ya bibi. Dereva hakujua kwamba nilijua, na mama alikufa bila kujua.

Pikapu zile zimekwisha, njia ile ni lami, na hakuna anayetengwa tena kwa ng'ombe. Nilizaliwa peke yangu, nimezeeka bila kaka wala dada. Kisasi cha ng'ombe mmoja kilinigharimu mdogo wangu, ndugu pekee ambaye ningekuwa naye.